Wimbo wa Tatu

Santuri ilikuwa imevunjwa katikati, na yule mwanamume aliviweka vipande vyake viwili mezani kwa utulivu, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima. Nyuma yake foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka kona ya duka la santuri hadi kwenye maegesho: wasichana wa sekondari waliovaa fulana ambazo hazijawahi kufuliwa, mama mmoja na wanawe wenye sare za besiboli, vijana ambao mwaka jana wasingeipa bendi ya Copper Weir hata salamu. Ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na tatu. Albamu mpya, *Nyumba ya Kila Mtu*, ilikuwa na wiki tatu sokoni, na redio za Ohio nzima zilikuwa zikiipiga kutwa. Santuri iliyovunjwa ilikuwa ile ya kwanza, iliyorekodiwa katika ghala la matairi hapa hapa Akron, nakala mia tano tu.

Wade Pruett, mwimbaji na mpiga gitaa, alichekea puani. Akachukua kalamu, akakitia sahihi kipande kimoja, kisha cha pili, akavisukuma kwa Darlene Kosik aliyekaa pembeni yake.

Darlene, mpiga ngoma wao, hakucheka. Alimjua mtu huyo. Ray Tokarz ndiye aliyemfundisha kushika vijiti, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika gereji ya nyumba yake, na baadaye akasimama mstari wa mbele katika kila chumba cha chini ya ardhi walichowahi kupigia.

"Sikuvileta visainiwe," Ray alisema. "Nimevileta kwa sababu sivitaki nyumbani kwangu."

Wade alimwambia kwamba jalala liko nyuma ya duka. Ray hakumgeukia.

"Wimbo wa tatu," alimwambia Darlene. "Nani kapiga?"

"Mimi."

"Usinifanye mjinga. Mguu wako naujua. Wewe unachelewa, Darlene. Kidogo tu, lakini unachelewa. Huyo hachelewi."

"Nimepiga mimi. Nenda, Ray, watu wanangoja."

Ray alimtazama kwa muda, akiwa na uso wa mtu aliyefungua barua na kukuta kile kile alichokitarajia. Kisha akatoka, akiviacha vipande pale mezani, na mama wa wale watoto wa besiboli akasogea mbele akitabasamu.

Darlene alitia sahihi saa mbili nzima huku akimchukia Ray kwa moyo wake wote. Chuki hiyo ilimsaidia. Ilimzuia kuzikumbuka zile siku tisa za California, mtayarishaji akimwambia kupitia kioo arudie, arudie tena, huku mlio wa mashine ya kuhesabia mapigo ukimgonga masikioni kama kidole cha mwalimu mkali. Siku ya kumi aliambiwa amemaliza, akapumzike nyumbani. Kaseti ilipomfikia aliusikia wimbo wa tatu, akasita, akampigia Wade simu. Wade alimjibu kwamba kompyuta zimenyoosha hapa na pale. Naye akaridhika, kwa sababu kuridhika hakukumgharimu kitu. Tangu hapo amekuwa akiufuata wimbo huo mazoezini, mpigo kwa mpigo, akiamini kwamba anajifuata mwenyewe.

Walipoingia garini, Gil, mpiga besi, akiwa kwenye usukani, Darlene aliuliza ni nani aliyepiga wimbo wa tatu. Gil aliongeza nguvu ya kipoza hewa. Hilo peke yake lilikuwa jibu.

"Si huo tu, nyimbo nne," Wade alisema, bila kugeuka. "Ulitaka tufanyeje, Dee? Siku tisa tunakungoja uufikie mdundo mmoja. Jamaa alikuja baada ya chakula cha mchana, akapiga mara mbili, akachukua koti lake. Na jina tumeweka lako, siyo lake. Tumekulinda."

"Mmenilinda na nani?"

"Na wewe mwenyewe."

Darlene alisema anataka jina lake liondolewe kwenye nyimbo hizo. Wade alimuuliza kama anaelewa maana ya mkataba, kisha, kwa sauti ya upole iliyouma kuliko matusi, akamkumbusha kwamba wapiga ngoma wako wengi, na kwamba Jumamosi watu elfu nane watakuja uwanja wa maonyesho kuusikia wimbo huo ulivyo redioni. Gil akasema jamani, tusigombane.

Kesho yake asubuhi Darlene aliuweka wimbo jikoni kwake, akasimama kando ya sinki akiwa amefumba macho. Alitamani uwe mbaya. Haukuwa mbaya. Yule mtu asiyemjua alipiga kwa usafi wa kutisha, kila pigo likitua mahali pake kama msumari, na juu ya misumari ile sauti ya Wade ilipanda kama ambavyo haikuwahi kupanda miaka saba yote waliyokuwa pamoja. Hapo ndipo palipomuuma. Kuibiwa angeweza kustahimili. Kuibiwa na mtu anayefanya kazi yako vizuri zaidi yako ni jambo lisilo na mahali pa kuliweka.

Alikwenda kwa Ray. Ray alimsikiliza akiwa nyuma ya mlango wa wavu, na hakuufungua.

"Nilishajua," alisema. "Haikuwa lazima uje."

Darlene alisema amekuja kuomba radhi kwa kumdanganya mbele za watu.

"Radhi kaa nayo. Mimi nilivunja santuri kwa sababu mmekwenda kupigia watu wasiowajua, na leo naambiwa hata hamkupiga ninyi." Alikwaruza wavu kwa ukucha. "Hiyo Jumamosi utafanyaje? Utamwigiza?"

 Ray akafunga na mlango wa ndani.

Jumamosi jua la saa tisa lilikuwa kali bado. Uwanja ulijaa mpaka kwenye mabanda ya mahindi ya kuchoma, na kila kichwa kilikuwa kinangoja kitu kimoja. Walipiga nyimbo mbili za zamani, zikapokelewa kwa adabu. Kisha Wade akagusa nyuzi za mwanzo za wimbo wa tatu, na makelele yakapanda kama paa linaloezuliwa.

Darlene aliinua vijiti. Wiki zote za kuiga zilikuwa mikononi mwake, tayari. Aliziacha zipite. Alishusha mguu pale mguu wake ulipotaka kushuka, ule unywele mmoja nyuma ya wakati, na akakaa hapo.

Umati ulikuwa unapiga makofi kwa kasi ya redio. Kufikia mstari wa pili makofi yalikuwa mbele ya bendi, kisha yakavurugika, na kutoka upande wa kushoto mtu akazomea. Wengine wakadakia. Gil alimtazama Darlene kwa hofu, akayumba, halafu akaushika mguu wake kama mtu anayeshika kamba, na besi ikazama ilipo ngoma. Wimbo ukawa mzito, wenye vumbi, mpana. Haukuwa mzuri kuliko ule wa redioni. Ulikuwa wao.

Wade aliendelea kuimba mbele yao, peke yake na umati. Ilipofika sehemu ya gitaa aliwageuzia watu mgongo, akaja hadi usoni pa Darlene, matoazi yakiwa baina yao. Midomo yake ilitamka kitu ambacho makelele yalikimeza, na macho yake hayakuwa na hata chembe ya urafiki.

Darlene hakuongeza kasi. Jasho lilimwingia machoni, akaliacha. Alimtazama Wade mkono wa kulia, ule wa kupiga nyuzi, ambao ulikuwa umeinuliwa na bado haujaamua ushuke kwenye mdundo upi.