Konzi ya Bwana

Saihnuni alikuwa amefika kwenye kiazi cha saba. Viazi mwitu vya msituni havitaki haraka: ukikata kipande kinene, maji ya kijito hayatoi sumu yote, na atakayekula atavimba ulimi na koo. Kwa hiyo alikata taratibu, akainua kila kipande kwenye mwanga, akaridhika, ndipo akakitupa kikapuni. Jirani yake Rokimi, aliyekaa naye kwenye ulingo wa mianzi mbele ya nyumba, alikuwa ameshamaliza kumi na viwili, vingine vinene kama kidole gumba.

“Mama Zuali,” Rokimi akasema, “unakikata hicho kiazi au unakisoma?”

Saihnuni akatabasamu. Akasema kwamba kweli alikuwa anawaza jambo. Kiazi hiki ni chakula kizuri, ila ubaya wake uko ndani kabisa, na hautoki kwa kuoshwa mara moja. Lazima kilale majini siku tatu, maji yakipita juu yake. Na mtu naye, ukimtazama moyoni...

“Nilijua,” Rokimi akamkatiza. “Nilijua tu linakuja. Siku mbwa wangu akijikuna kwa kiroboto, nitakuita upesi, usije ukakosa fundisho.”

Wakacheka wote wawili, kicheko kidogo cha watu wasiotaka kutumia nguvu.

Mtaa mzima ulimjua hivyo. Alijifundisha kusoma akiwa na miaka thelathini, akifuatisha kidole cha binti yake Zuali alipokuwa anasoma masomo ya shule, na tangu hapo hakuacha. Kila Jumatano, wanawake wa kanisa walipokutana kwa maombi, yeye ndiye aliyetoa neno fupi. Hakuhubiri. Alichukua kitu cha nyumbani, ufagio, kaa la moto, paa linalovuja, akaeleza alichokiona ndani yake. Nyumbani alikuwa na daftari ambamo aliandika tarehe, kile kitu, na fundisho lake kwa mistari mitatu. Wanawake walimpenda kwa sababu alimaliza kabla ya watoto kuanza kulia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu mianzi ichanue katika milima yote ya Lushai. Wazee walikuwa wamesema mianzi ikichanua njaa hufuata, na ikawa. Panya walikula mbegu za mianzi wakazaana, mbegu zilipokwisha wakaingia mashambani. Shamba la Saihnuni lililiwa kati ya machweo na mapambazuko. Alipofika asubuhi alikuta mabua tu, yamekatwa nusu, yamelala upande mmoja kama yamechanwa kwa kitana. Hata hilo aliliandika daftarini, ingawa fundisho lake lilimchukua wiki mbili kulipata.

Ndani ya nyumba, mumewe Chhawnkhuma alikohoa. Wanawake wakanyamaza, wakasikiliza hadi akamaliza.

“Amekula?” Rokimi akauliza, kwa sauti ya chini.

“Jana. Amekitapika.”

Rokimi alimtazama kana kwamba anataka kuongeza neno, kisha akainama, akaendelea kukata.

Chhawnkhuma alikuwa amelala karibu na jiko wiki ya nne sasa. Homa ilikuja ikaondoka, lakini ikamwachia miguu iliyovimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tumbo lake lilikataa viazi mwitu, likakataa shina la mgomba, likakataa nyama ya panya. Uji wa mchele tu ndio uliokuwa ukikaa tumboni mwake. Mchele wa nyumba ile ulikuwa umekwisha siku kumi na moja zilizopita. Mtu yeyote aliyeingia pale na kumtazama alijua kwamba asipopata uji siku hizi chache hatainuka tena. Saihnuni alijua kuliko wote.

Na mchele ulikuwepo. Ulikuwa kwenye debe lenye mfuniko, juu ya rafu, na jiwe juu ya mfuniko kwa ajili ya panya. Ulikuwa mchele wa Bwana.

Desturi ile ilikuwa ya mama zao. Kabla ya kupika, mwanamke huchota kwa mkono konzi moja ya mchele wa chungu, akaiweka pembeni kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kila mlo, konzi moja. Mwenye shibe hutoa, mwenye njaa hutoa. Saihnuni alikuwa mkusanyaji wa nyumba sita za safu yao. Kila Ijumaa alipita na debe, na mwisho wa mwezi alilipeleka kwa mzee wa kanisa Thangbuaia, na kanisa likaugeuza mchele huo kuwa posho ya wahubiri wa vijiji vya mbali. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa Ijumaa, wala punje moja ya debe lile haikuwahi kuingia chunguni mwake.

Mwezi huo lilimtokea jambo la kushangaza. Alidhani angepita na kurudi na debe tupu, kwa maana nani alikuwa na mchele wa kupika, sembuse wa kutoa? Lakini katika nyumba zile sita walimmiminia. Mmoja alitoa konzi mbili. Mwingine alitoa kikombe kizima, akakimimina huku ametazama pembeni. Rokimi, ambaye mama mkwe wake alikuwa amekonda hadi mabega yakachongoka, alitoa konzi tatu, akamfunika Saihnuni mkono kwa mkono wake.

Saihnuni alirudi nyumbani akilia kwa furaha. Jumatano iliyofuata hakuhitaji kutafuta neno. Aliwashukuru wanawake mbele ya Mungu. Alisema panya wameweza kula mashamba lakini hawakuweza kula mikono inayotoa, na kwamba yeye, pamoja na mgonjwa aliye nyumbani mwake, ametiwa nguvu na konzi zao. Wanawake waliinamisha vichwa. Wawili walifuta machozi. Aliandika daftarini: *Debe katika njaa*.

Jioni ya siku ile ya viazi, Chhawnkhuma alimwita.

Hakuwa mtu wa kanisa sana. Alikuwa akikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alikwenda kutazama kama mvua inakuja. Maisha yao yote alimtania mkewe kwa upole, naye akauzoea utani ule kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

“Mama Zuali,” alisema, “huyo Bwana wako ana mchele.”

“Si wetu, Baba Zuali.”

“Sikusema ni wetu. Nimesema upo.”

Akafumba macho. Hakurudia tena ombi lile, siku hiyo wala siku iliyofuata, na hilo ndilo lililomwia mkewe zito. Angeomba mara ya pili, labda angempa.

Alikwenda kijitoni kuvitazama viazi vyake, akapiga magoti kwenye mawe. Akamweleza Mungu mambo yote kwa utaratibu, kama alivyozoea. Aliporudi alikuwa amepata fundisho, na lilikuwa limekamilika. Hili ni jaribu. Mwanamke akitunza kilicho cha Mungu hata kinapomuuma, Mungu naye hutunza kilicho cha mwanamke huyo. Mchele wa serikali ulikuwa unasemekana uko njiani, unabebwa migongoni kutoka bondeni, na ungefika Ijumaa. Alimwambia mumewe hivyo. Akamwambia avumilie hadi Ijumaa tu. Chhawnkhuma akasema hana safari nyingine.

Ijumaa wabebaji hawakuja. Ilikuwa siku yake ya kupita, akapita. Safari hii debe lilizidi kuliko wiki iliyotangulia. Mwanamke wa nyumba ya tano alimuuliza Baba Zuali anaendeleaje sasa, na Saihnuni aliposema hajainuka, yule mwanamke alishangaa, akarudi ndani akatoka na konzi nyingine.

Jumamosi asubuhi Chhawnkhuma hakumjibu alipomwita jina. Alifungua macho, akamtazama, akayafumba.

Ndipo Saihnuni alipolibeba debe kichwani, akapanda mtaa hadi kwa Thangbuaia. Njiani alipanga maneno. Angeomba konzi mbili tu, kwa mkopo, na angezirudisha mavuno yakipatikana.

Mzee wa kanisa alikuwa amechuchumaa uani akitega mtego wa jiwe wa panya. Alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa umeshikilia kijiti cha mtego.

“Mama Zuali, unaniomba nini?” akauliza.

Akarudia.

Thangbuaia alikiachia kijiti, jiwe likaanguka. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sasa ilikuwa ndogo zaidi. Alimweleza kwamba wazee wa kanisa walikaa mwezi uliopita, wakakubaliana kwamba njaa hii ikiendelea konzi zisiletwe kanisani. Kila mkusanyaji abaki nazo, awapikie wagonjwa wa safu yake. Ilitangazwa Jumapili moja, ibada ya asubuhi na ya jioni. Akajaribu kukumbuka ni Jumapili gani, akakumbuka, na wote wawili wakajua kwa pamoja: ilikuwa ile ambayo Saihnuni hakuja, kwa kuwa homa ya mumewe ilikuwa imepanda.

“Na katika safu yenu mgonjwa ni mmoja,” akasema. “Wanawake walijinyima kwa ajili yake. Mimi nilidhani anakula. Sote tulidhani anakula.”

Saihnuni aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Mzee akajibu kwamba waliona haya. Nani angesimama mlangoni kwake kumwambia, chukua, tunakulisha? Kumwekea debeni kulikuwa na heshima zaidi. Halafu yeye mwenyewe aliwashukuru kwenye maombi, na mgonjwa wake akamtaja. Wakaona yamekwisha.

Alirudi mbio. Hakuwa amekimbia kwa miaka mingi, na debe lilimpiga kichwani kwa kila hatua. Aliwasha moto, akapima mchele kwa kikombe, akauosha mara moja badala ya tatu. Harufu ya uji ilipojaa nyumba, Chhawnkhuma alifungua macho. Pua yake ikacheza. Midomo ikajaribu mara mbili kabla ya sauti kutoka.

“Mwenye mchele kasemaje?” akauliza.

Saihnuni alishika kijiko. Ilikuwa rahisi kusema kweli, na hakuweza.

“Amesema ule,” akajibu.

Alimpa kijiko cha kwanza. Kikakaa mdomoni. Koo lilipanda, likashuka, na uji ukatoka pembeni mwa midomo, ukateremka shingoni. Kijiko cha pili kikafanya vivyo hivyo. Cha tatu kilimpalia, akakohoa hadi macho yakageuka meupe, na mkewe akamlaza ubavu.

Rokimi aliingia akiwa na kuni mbili mkononi. Alitazama chungu, akatazama debe lililo wazi, lililojaa hadi juu ya nusu, akatazama uso wa Saihnuni.

“Huo wote,” akasema polepole. “Huo wote ulikuwepo?”

Saihnuni alimweleza. Hakujitetea wala hakuacha kitu. Rokimi alisikiliza akiwa amesimama, na kuni zake bado mkononi.

“Mama mkwe wangu alikuwa ananiangalia nikiuchota,” akasema. “Kila siku ananiangalia, hasemi. Hatukumpa Mungu, Mama Zuali. Tulimpa mumeo. Mungu ana njaa?”

Rokimi aliweka kuni jikoni, akajipangusa mikono, akaketi nyuma ya mgonjwa, akakiinua kichwa chake kikaegemea kifua chake. Akamwambia Saihnuni aache uji mzito, auchuje kwa kitambaa, ampe maji yake tu, matone.

Wakafanya hivyo. Saihnuni alichovya pembe ya kitambaa, akaikamua kwenye midomo iliyopasuka, akangoja. Tone moja likapita. La pili likatoka. Jua liliegemea magharibi, na mwanga wa mlangoni ukapanda ukutani kidogo kidogo. Mwanamke wa nyumba ya tano alichungulia, akaelezwa na Rokimi kwa maneno machache, akaenda zake bila kuaga. Habari ingefika nyumba zote sita kabla ya giza.

Katikati ya matone, fundisho lilimjia. Hakulitafuta, lilikuja lenyewe, kama yalivyokuja mengine yote, likiwa na mwanzo na mwisho, na pale katikati palipofaa kunyamaza kidogo ili wanawake watafakari. Lilimhusu mtu aliyelinda zawadi akamsahau aliyepewa. Lilikuwa zuri. Kwa Jumatano lingewaliza. Saihnuni alilitazama kama mtu anayetazama sahani ya chakula katika nyumba yenye maiti, na hakuligusa. Likakaa hapo muda, kisha likaondoka, wala halikuja jingine badala yake. Alijaribu kuomba, akaona anapanga maneno, akaacha.

Jua lilipofika ukingo wa mlima, maji ya uji yaliyopita kooni mwa Chhawnkhuma hayakuwa yamefika kijiko kimoja. Uvimbe ulikuwa umepita magoti. Rokimi alimlaza, akamfunika, akasema lazima akampikie mama mkwe wake. Saihnuni akamnyooshea debe. Rokimi alilitazama kwa muda mrefu, akachota konzi moja tu, akafunga kwenye pindo la nguo yake. Mlangoni alisema angerudi asubuhi. Hakusema kwa ajili ya nini.

Saihnuni alikivuta kibao karibu na mlango palipobakia mwanga. Mchele wa nyumba sita huwa na changarawe za nyumba sita, na mgonjwa hawezi kutafuna jiwe. Akamimina vikombe viwili kwenye ungo, akaanza kuchambua, punje nzima upande huu, changarawe upande ule, pumba katikati. Nyuma yake pumzi ya mumewe ilikuwa inakuja, inakawia, inakuja. Kila ilipokawia, kidole chake kilisimama juu ya ungo.

Alipofika nusu, mwanga ulikuwa umekwisha, hakuona tena tofauti ya punje na jiwe. Akaufunika ungo kwa kitambaa, akaweka jiwe juu yake, akauacha uliobaki hadi kesho.