Benchi la Nyimbo Tisa

Ukurasa wa burudani ulifungwa kila Alhamisi saa sita mchana, na saa tano na dakika ishirini mhakiki wa muziki alikuwa bado anatafuta hedifoni zake. Alizikuta chini ya kiti, zimejifunga fundo. Mezani palikuwa na chai iliyopoa na albamu ya saba ya bendi ya roki iliyokuwa ikipiga muziki kwa miaka thelathini na mmoja bila kampuni yoyote nyuma yake: watu wanne wenye mvi, waliojirekodia wenyewe katika karakana ya mpiga ngoma wao, ambaye riziki yake ni kutengeneza viti.

Mhakiki alikuwa na njia yake ya kazi na hakuificha. Kila wimbo aliupa nusu dakika. "Ukitaka kujua kama chai imetiwa chumvi," alikuwa akisema, "huna haja ya kumaliza birika." Ofisini walimwita Bwana Nyota, kwa vile alizigawa kila wiki na yeye mwenyewe hakuwahi kupewa hata moja.

Nyimbo nane zilipata nusu dakika zao. Wa tisa ulipata sekunde sita, maana saa haikumsubiri mtu. Akatuma ukurasa. Nyota mbili kati ya tano. Aliandika kwamba bendi imezeeka kwa heshima, lakini imezeeka; na kwamba wimbo wa tisa ni ala tupu, hauna mwimbaji, pengine wazee wetu wameishiwa maneno. Sentensi hiyo aliipenda. Aliisoma mara mbili.

Jumatatu nyimbo zilikuja.

Zilifika saa mbili na nusu, zikaketi kwenye benchi refu la mapokezi. Dada wa mapokezi aliziandikisha kwenye daftari la wageni, na pale penye sababu ya kuja akaandika: kusikilizwa. Kila mmoja ulionekana vizuri kichwani na mabegani, kisha kuanzia kifuani ukafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kwa sababu hapo ndipo mhakiki alipoukata. Wa tisa haukuonekana kabisa. Palikuwa na mbonyeo tu kwenye mto wa benchi.

"Una wageni," dada wa mapokezi alimwambia.

"Wana miadi?"

"Hawana. Wana subira."

"Waambie nina kikao."

"Kaka, kikao ni kesho. Mimi ndiye ninayeandika vikao."

Mhakiki alipita bila kugeuza shingo. Alipita hivyo Jumatatu na Jumanne. Mwanamke wa usafi alipopiga deki alisema, "Inueni miguu, mlio nayo," akaendelea na kazi yake.

Wakati huo magazeti mengine matatu yalikwisha nakili yale maneno, ala tupu, na redio ikayanakili magazeti. Mwenye ukumbi ambako bendi ingezindua albamu alisoma, akasikia, akaufuta wimbo wa tisa kwenye ratiba. Wimbo usio na mwimbaji, alisema, watu wote watakwenda haja kwa mpigo, na vyoo vyangu ni viwili.

Jumatano simu ya mezani ililia. Alikuwa mwimbaji wa bendi, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi.

"Sikupigii kugombana, mwanangu. Nyota ni zako, gawa utakavyo. Nauliza tu, ule wa tisa uliusikia?"

"Niliusikia, Shangazi."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Akakata simu kwa upole, na upole huo ulimwinua mhakiki kitini. Alichukua hedifoni, akatoka, akaketi kando ya mbonyeo.

Gitaa lilipigwa polepole, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kilimwasha kusogeza mbele, akakikalia. Dakika ya nne sauti iliingia. Haikuwa ya Shangazi. Ilikuwa ya mpiga ngoma, mtu mwenye kigugumizi tangu utotoni, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hata kuhesabu mwanzo wa wimbo alihesabu kwa vijiti. Aliimba bila kukwama popote. Aliimba vyote alivyowahi kuvikatiza njiani: salamu ndefu, shukrani, na jina zima la marehemu mkewe, ambaye alipokuwa hai alimwita "wewe" tu, kwa kuogopa silabi ya kwanza.

Kwenye mbonyeo pakatokea mtu mrefu, mikono mapajani, anatoa harufu ya mbao iliyopigwa randa.

"Asante," wimbo ulisema, ukabaki pale pale.

"Sasa mbona huondoki? Nimekusikia."

"Umenisikia wewe. Gazetini bado sina sauti."

Mhakiki alizisikiliza na zile nane, mpaka kila mmoja ukapata miguu. Kisha akaenda kwa mhariri kuomba sahihisho.

"Tunasahihisha majina, tarehe na vyeo," mhariri alisema bila kuacha kuandika. "Masikio hatusahihishi."

"Lakini mama, sauti ipo. Dakika ya nne."

"Magazeti matatu na redio wamesema haipo."

"Walinakili kwangu."

"Basi ona ulivyoaminika. Unataka kuliharibu hilo?"

Jioni alikwenda karakana. Mpiga ngoma alikuwa anasugua mguu wa kiti kwa msasa, na kipande cha gazeti kilikuwa chini ya kopo la gundi.

"Mzee, nimekuja kusema nilikosea. Nimeusikia wote."

Mzee hakuinua macho. "Wo-wo-wote?"

"Mpaka mwisho. Na jina la marehemu mkeo nimelisikia."

Msasa ulisimama. "Wa-walisema ha-hakuna mtu anayeimba. Ni-nikaanza kuamini."

"Nimeomba waandike upya. Wamekataa."

Mzee alimsukumia kiti kilichokamilika. "Ka-kaa," alisema. Wakakaa mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Kesho yake, saa sita kasoro dakika ishirini, mezani palikuwa na albamu nyingine, nyimbo kumi. Mhakiki aliuacha wa kwanza uende mpaka mwisho. Wa pili pia. Ikawa saa sita kasoro dakika kumi. Nane zilizobaki alizipa sekunde ishirini ishirini, akaandika, akatuma, nyota tatu.

Kisha alishuka kantini, akaomba benchi, akalibeba mwenyewe mpaka mapokezi. Zile tisa zilikunja miguu kumpisha. Dada wa mapokezi aliinuka akashika upande wa pili.

"Wangapi safari hii?"

"Wanane."

Wakaliweka mkabala na la kwanza, ili wageni wakikaa wapate wa kutazamana naye.