Kucha Kumi na Nane

Sungura yule aliitwa Mheshimiwa, na jina lilimfaa: alikuwa mnene, alilala mchana kutwa, na hakupenda kusumbuliwa na wananchi. Kucha zake tu ndizo hazikupumzika. Jumamosi ile asubuhi Fundi alikuwa kwenye cherehani, anahangaika na zipu ya sketi ya mteja, na kila Mheshimiwa alipokatiza kwenye sakafu ya saruji zilisikika, tak, tak, tak. Fundi akakosea mshono. Akafumua. Akakosea palepale tena.

Zipu haikuwa na kosa. Mumewe alikuwa ametoka na binti yake kwenda kituo cha mabasi kumpokea dada yake, na dada huyo, wifi wa Fundi, hakuwa anakuja kutembea. Alikuwa anakuja kumuuliza mtoto swali moja: unataka kubaki hapa, au twende ukakae kwangu? Mume alikubali swali liulizwe. "Ana miaka kumi, ana akili zake," alisema. "Hatuwezi kumfunga kamba." Fundi naye alikubali, kwa mdomo. Moyoni alikuwa na lake.

Wazazi wa mtoto huyo waliachana zamani, naye akalelewa na mama yake mpaka mama alipofariki. Ni miezi minne sasa tangu aletwe kwa Fundi, na begi moja la nguo, na Mheshimiwa ndani ya boksi la sabuni. Kwa miezi minne hiyo aliamkia kila asubuhi, aliosha sahani yake, alisema asante, na hapo maongezi yakaishia. Alimwita "Fundi", kama wateja. Watu husema mama wa kambo si mama. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kumpenda mtoto yule, mapenzi ya kijinga kabisa, ya kusimama mlangoni saa za kutoka shule na ufagio mkononi, unafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Zile kucha alikuwa ameziona siku nyingi. Zilikuwa ndefu hadi zimeanza kupinda pembeni, na sungura alikanyaga kwa upande kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mara moja alijitolea kuzikata. Mtoto akamkumbatia sungura wake na kusema, "Usimguse. Nitamkata mwenyewe." Wiki tatu zikapita, hakumkata.

Sasa Mheshimiwa alipita chini ya meza, ukucha ukanasa kwenye lesi ya sketi ya watu, akavuta, akaburura nusu mita. Fundi akamnasua, na palepale akamwona wifi yake akilini. Wifi alikuwa na macho ya kuona vumbi kabla halijatua. Angeingia, angetazama miguu ya mnyama yule, na angesema: kama sungura tu wameshindwa kumtunza, mtoto je?

Akatazama saa. Saa tano kasoro. Basi lilitarajiwa saa sita. Akanyanyuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akanyanyuka tena. Chai aliyoimimina ilipoa bila kuonjwa. "Usimguse," mtoto alisema. Lakini mtoto ni mtoto, Fundi akajiambia, na anayejitafutia sababu haikosi. Akachukua kikata kucha cha mumewe, akamweka Mheshimiwa mapajani.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mtu mwingine angekata kwa woga, kidogokidogo. Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi, na mwalimu wake alimfundisha kwamba pindo likipishana hata kwa upana wa uzi, hiyo si nguo. Mguu mmoja wa mbele wa Mheshimiwa ulikuwa mweupe, na kucha zake nyeupe, ukiuelekeza dirishani unaona ndani yake kistari chekundu cha damu na kinapoishia. Miguu mitatu iliyobaki ilikuwa na kucha nyeusi tii, huoni kitu. Basi Fundi akafanya kama afanyavyo kila siku. Akachukua futi yake ya kupimia, akapima kwenye ukucha mweupe kutoka nchani mpaka karibu na damu: milimita tano. Akakata zote tano za mguu ule, safi, akafurahi. Kisha akahamishia kipimo kilekile kwenye nyeusi. Milimita tano, tap. Milimita tano, tap.

Lakini sungura hakushonwa. Ukucha unaotumika sana husagika, na damu ndani yake haifuati futi ya mtu. Wa tatu kwenye mguu mweusi ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Tap. Mheshimiwa akarusha teke lililomchana Fundi mkono, akaruka chini, akakimbilia nyuma ya marobota ya vitambaa, na kila alipokanyaga aliacha tone jekundu.

"Mungu wangu," Fundi akasema. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Akatambaa sakafuni kumtafuta. Akamkamata, akakandamiza kitambaa, damu ikapita. Akakumbuka wanga wa mahindi anaotumia kukazia kola za mashati, akachota kwa kidole, akaushindilia kwenye ukucha na kushikilia, huku moyo wa sungura unamdundia kiganjani kwa kasi isiyohesabika. Wake haukuwa nyuma. Dakika tano nzima hakuthubutu kuachia. Alipoachia, damu ilikuwa imekata.

Saa sita na robo. Akafuta sakafu. Akamrudisha sungura kwenye boksi lake, akarundika nyasi kavu juu ya ule mguu. Tone moja lilikuwa chini ya cherehani, akalifuta kwa mate. Akanawa, akaona hajanawa vizuri, akanawa tena. Nguo ukiikata vibaya unaweza kuibana, ukaweka kiraka, ukamwambia mteja ndiyo mtindo mpya. Akaanza kufanya mazoezi kwa sauti ndogo: "Alijikwaruza. Nimemkuta hivyo." Uongo wenyewe ulitoka vizuri, na hilo likamtia hofu zaidi.

Geti likalia.

Wifi aliingia wa kwanza, na mikoba yake, na manukato yake. "Wifi! Mbona umekonda hivyo, ndugu yangu hakulishi?" Wakakumbatiana. Mtoto akapita kando yao moja kwa moja hadi kwenye boksi. Hazikupita hata sekunde kumi.

"Ana nini mguuni?" akauliza. Nyasi alikuwa amekwisha zifukua. Wanga ulikuwa umekauka kwenye ukucha, umechanganyika na wekundu.

"Atakuwa amejigonga mahali," baba yake akasema, huku anatua mzigo. Alisema vile watu wasemavyo, bila kutazama.

Uongo ulikuwa umeletwa kwenye sahani, na si Fundi aliyeupika. Alichotakiwa ni kunyamaza. Akamtazama mtoto, mgongo wake mdogo umeinama juu ya boksi, akashindwa.

"Hapana," akasema. "Nimemkata mimi. Uliniambia nisimguse, nikamgusa. Nilipima kwa futi, nikakata kwa kipimo kimoja, kumbe haziko sawa. Ametoka damu. Nilitaka kukuficha."

Mtoto akambeba sungura, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Sasa wifi na wewe," wifi akasema taratibu, "leo ndiyo umeona siku ya kucha?"

Fundi aliwaletea maji ya kunywa, akasahau bilauri, akarudi kuzichukua, akasahau kilichomrudisha. Mume akamwambia akae. Akakaa, mguu wake ukawa unakanyaga pedali isiyokuwapo. Alijua jibu la mtoto limekwisha patikana. Alianza hata kufikiria kukunja nguo za mtoto, ni zipi zimebana zinahitaji kuachiwa pindo kabla hajaondoka.

Mlango ukafunguliwa. Mtoto alitoka na Mheshimiwa, amemviringisha kwenye taulo hadi machoni, umebaki mguu mmoja tu nje.

"Fundi, simu yako ina taa?"

"Ina."

"Washa. Iweke nyuma ya ukucha." Fundi akapiga magoti mbele yake, akawasha. Ndani ya ukucha mweusi kikatokea kivuli. "Hapo peusi ndipo damu ilipo. Unakata mbali na hapo, kidogo, unaangalia tena. Na kila mmoja una wake."

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Yeye alikuwa anashika, mimi nakata." Akaliweka taulo sawa. "Alipokufa nilijaribu peke yangu. Akatoka damu nyingi kuliko hii yako. Nikaogopa. Ndiyo maana zikawa ndefu."

Akamsogezea Fundi sungura mikononi, akachukua kikata kucha. Wakaanza. Kidogo, taa, kidogo. Mheshimiwa akatulia ndani ya taulo lake. Wifi, ambaye alikuwa amesafiri saa tano kwa ajili ya swali moja, akashindwa kuvumilia.

"Haya, mwanangu, niambie tu. Sitakasirika. Unabaki, au twende wote?"

Mtoto hakuinua kichwa. "Shangazi, unaweza kumshika sungura?"

"Mimi? Nimshike panya mkubwa kama huyo? Thubutu!"

"Kila wiki sita zinakatwa," mtoto akasema, kama anayeeleza jambo ambalo mtu mzima alipaswa kulijua. "Fundi, nipe mguu mwingine."

Fundi akautoa mguu mwingine kwenye taulo. Machozi yalikuwa yamemjaa, haoni hata ukucha mmoja, lakini kukata haikuwa kazi yake tena. Yake ilikuwa kushika, akashika.