Volti Ishirini za Fauzia

Pigo la kwanza la panga lilisikika redioni kabla ya sauti ya Mbwana. Kisha yakaja mayowe yake, na mayowe yenyewe yakamezwa na mvumo.

Fauzia akatupa chuma cha kulehemu. "Mbwana! Sema uko hori gani!"

Mvumo tu. Mvumo ule mlaanifu uliovamia masafa yao tangu Ramadhani, wala hakuna ajuaye ni mtambo gani unaoutapika. Walinzi wa mikoko wa Gazi, waliozunguka mahori, ile mikono ya bahari iingiayo mikokoni, walikuwa wamegeuka viziwi, na wakata boriti wa magendo wakajua. Mlinzi mmoja walimvunja taya kwa mpini wa shoka, huku akiita msaada usiosikika.

Ndipo Fauzia, fundi redio mwenye kichwa kigumu kweli kweli, alipounda kichujio. Ndani yake mlikuwa na kapasita mbili, vidude vya kuhifadhi umeme, kila moja ina utando mwembamba kushinda ganda la kitunguu. Ukiongeza volti, masafa ya kichujio huhama kidogo kidogo, mvumo ukaachwa nje, sauti ya mtu ikapita.

"Ishirini ndio mwisho," aliwaonya walinzi. "Zikizidi, utando unatoboka, basi tena. Na sina kapasita nyingine."

Mbwana, mdogo wake na mmoja wa walinzi hao, alikuwa na ila moja: adabu. Kila akiita, kwanza "Shikamoo dada," kisha habari za nyumbani, kisha mguu wa mama unaendeleaje, ndipo ujumbe. Asubuhi hii Fauzia alimfokea, "Wewe! Redio si baraza la arusi!" Hata marahaba hakumpa.

Sasa Mbwana hakuamkia. Hilo lilimtisha Fauzia kuliko yale mayowe.

Redio ikakohoa. Sauti ya mtu mwingine: "Mkateni mkono! Huo wenye redio!"

Akazungusha kitufe cha volti. Volti kumi na nane. Ishirini. Kitu kikavunjika kule, kikavu, mfano wa kuni. "...hori la..." Mvumo tena.

Kombe, mkuu wa walinzi, alikuwa keshafika mlangoni na wenzake wanne, marungu mikononi. "Wapi, Fauzia? Mahori ni saba haya!"

"Ngojeni!"

Ishirini na nne. Ishirini na nane. Mvumo ukaanguka, na kila kitu kikaja wazi, wazi kupita alivyotaka: mapigo, matusi, mdogo wake akikabwa na tope kooni.

"Hori la Kasa! Penye mkoko ulioanguka! Dada, wanani..."

Tak! Harufu ya kuungua ikajaa kibandani. Redio ikanyamaza.

"Hori la Kasa!" Fauzia alipiga ukelele. "Penye mkoko ulioanguka! Kimbieni, jamani, wanamuua!"

Wakatoka mbio.

Akabaki peke yake na meza yake. Kichujio kilikuwa upande wa kusikia tu. Kusema bado aliweza. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mbwana, wanakuja. Kombe anakuja na wenzake. Usifumbe macho, wallahi usithubutu kufumba macho!"

Alikuwa akilia sasa, kwa sauti, bila kujificha.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Mguu wa mama haujambo. Leo ametembea mpaka kisimani."

Akaachia kitufe cha kusemea, akaisogezea sikio redio iliyokufa.