Simu Ilipokataa Kujibonyeza

Usiku wa kuamkia leo niliota nimetoka kuoga, nikaikuta simu yangu imekaa sebuleni kwenye kiti changu. Ilikuwa kubwa kama mlango, imevaa kava lake la bluu, na ilikuwa inajibonyeza.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anauliza tu maswali.

"Unabonyeza nini?"

"Nampigia dada yako," simu ikasema.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimejisikia tu."

Niseme kidogo hapa, msije mkadhani nimechanganyikiwa. Simu hii ni mgonjwa kweli. Tangu mvua zianze inajibonyeza yenyewe, mchana kweupe, iko mezani na mimi niko jikoni. Inafungua kikokotoo inapiga hesabu zake. Imetuma stika ya mtu anayekata kiuno kwenye grupu la msiba wa jirani, nikaomba radhi siku nzima. Lakini inachopenda kuliko vyote ni kumpigia Nyamizi, dada yangu wa tumbo moja, ambaye mimi na yeye hatusemezani. Ikimpigia, nakata, halafu naandika meseji: Samahani, simu imejibonyeza. Yeye anajibu: Sawa. Ndio mazungumzo yetu hayo.

Hatusemezani tangu sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Mimi ni mama mdogo wa yule mtoto. Mama mdogo hupigiwa simu, au hufuatwa nyumbani, akaambiwa mwanao anaolewa, njoo tupange. Mimi nilisoma kwenye grupu, picha ya kadi, sawasawa na mtaa mzima na muuza maziwa wao. Sikwenda. Nikasema, tena hadharani, simpigii Nyamizi mpaka anipigie yeye. Na yeye, kwa nilivyosikia, akasema hivyo hivyo.

Sasa jana jioni kaka yetu Mihayo kaniambia Nyamizi amelazwa, anapasuliwa uvimbe wa shingoni leo asubuhi. Daktari kasema uvimbe umekaa pabaya, karibu na mishipa ya sauti. Sauti inaweza kubaki, inaweza isirudi kabisa. "Mpigie umsikie, Kalunde," Mihayo akaniambia. Nikamjibu kwamba namba yangu dada anayo. Nikaenda zangu kulala.

Haya. Simu iko kwenye kiti, inajibonyeza. Nikaona niifute kwa kitambaa kikavu, maana ndivyo watu wanavyoshauri. Nafungua mlango wa jikoni, simu nimeibeba mgongoni, jikoni hakuna. Kuna kibanda cha fundi simu.

Fundi amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na hanitazami.

"Tatizo?"

"Simu inajibonyeza."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nimejaribu."

"Na wewe je?"

Kabla sijajibu ananibonyeza nyuma ya sikio na kushikilia. Nazimika. Sijui nilizimika kwa muda gani, kwa sababu nilikuwa nimezimika. Nikawaka tena na kamuziki kadogo. Fundi alikuwa anakunywa chai.

"Tutoe protekta," anasema. Anaingiza ukucha kwenye ukingo wa paji la uso wangu na kuvuta. Kinatoka kitu kama nailoni, upana wa uso mzima, kina vumbi, mapovu ya hewa na wanja kidogo.

"Hii umebandika lini, mama?"

"Sijabandika kitu mimi."

Anainusa. "Hii ni ya sendofu. Bado inanukia pilau ambalo hukula."

Nikakasirika. "Nimeleta simu hapa, sikuleta uso!"

"Usijali, tunatengeneza vyote."

Anasema sasa inabidi apime kama ubovu uko kwenye kioo au kwenye vidole. Anavichomoa vidole vyangu kimoja kimoja, havikuuma, vilitoka kama vifuniko vya kalamu, akavitumbukiza kwenye kopo la skrubu. Simu pia akaichukua akailaza juu ya meza. Nikamuuliza nifuate lini.

"Njoo kesho."

"Kesho haipo. Dada yangu anapasuliwa asubuhi."

"Basi njoo jioni."

"Jioni atakuwa hana sauti!"

"Mama, usinifokee. Mafundi wote watakwambia kesho. Mimi nimekupunguzia."

Nilitoka na hasira zangu, mlango nikaufunga kwa bega. Nje hakuna barabara. Kuna korido ya hospitali, ndefu, inanuka dawa ya kupigia deki, na mabenchi kulia na kushoto. Watu wamejaa, wamevaa vizuri, wamenyamaza.

"Nyie ni kina nani?" nauliza.

"Sisi ni misikoli, simu zisizopokelewa," anasema mwanamke mnene mwenye mkoba, wa benchi la kulia. "Benchi hili tumetoka kwenye simu yako. Wale wa upande ule wametoka kwa dada yako."

"Dada yangu hajawahi kunipigia."

"Alikubipu siku ya Idi," anasema kijana wa benchi la kushoto. Amevaa kanzu mpya. "Mimi hapa."

"Kubipu si kupiga."

"Ndiyo maana nimekaa."

Nawauliza wanangoja nini. Wananiambia wanangoja mmoja aanze. Nawauliza aanze nani. Benchi la kulia wakanyoosha vidole kushoto, benchi la kushoto wakanyoosha kulia. Mimi sikunyoosha, vidole sikuwa navyo.

Mwisho wa korido kuna chumba, mlango uko wazi, na mlangoni kwenye kigoda amekaa mama mmoja anachambua mchele kwenye ungo. Sura yake siijui. Sauti yake naijua, nchi nzima inaijua.

"Samahani," anasema bila kuinua kichwa, "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Namtazama juu ya bega lake. Nyamizi yuko kitandani karibu na dirisha, kajifunga kitenge kichwani, anamsimulia jambo mgonjwa wa kitanda cha pili. Nyamizi tangu utoto hawezi kusimulia. Anaanza kucheka kabla hajafika penye kuchekesha, mpaka anayesikiliza anacheka na yeye, na kisa hakimaliziki. Alikuwa anacheka hivyo hivyo. Sitaficha, moyo uliniuma.

"Si yule pale?" namwambia mama wa ungo.

"Namwona."

"Anacheka!"

"Anacheka vizuri sana. Hapatikani."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyempigia."

"Simu yangu imempigia mara chungu nzima!"

"Ilijibonyeza, mama. Umeandika mwenyewe, meseji zako tunazo zote." Anatoa jiwe kwenye mchele na kulitupa. "Tafadhali jaribu tena baadaye."

Anapita daktari, mkononi ana chupa ya chai, zile za maua ubavuni. Anamsalimia mama wa ungo, ananisalimia na mimi, ananiambia amekuja kuchukua sauti ya kitanda cha dirishani.

"Unaipeleka wapi?"

"Inakaa humu wakati tunafanya kazi, halafu tunamrudishia." Anaitikisa chupa kidogo. "Shida ni kifuniko. Kinavuja."

"Si mnunue kingine!"

"Tumeagiza." Anaangaza huku na huku kwenye korido. "Kuna ndugu wa kuisikia kabla hatujaifunga? Utaratibu unataka awepo ndugu."

"Ndugu yupo," anasema mama wa ungo. "Ila hajapiga."

"Nipo hapa!" nikapiga kelele. "Nyamizi! Nipo hapa mlangoni!"

Lakini mdomoni hayakutoka maneno. Ilitoka ile tii, tii, tii ya simu inayotumika. Nyamizi hakugeuka. Daktari akaanza kuzungusha kifuniko.

Mara nasikia kitu kinahema nyuma yangu. Simu yangu inakuja kwenye korido, inatembea kwa miguu yake, misikoli wanaipisha. Sijawahi kufurahi kuiona kama siku hiyo.

"Afadhali umekuja," nasema, na maneno yangu yakarudi. "Haya, jibonyeze. Mpigie."

"Siwezi," simu inasema.

"Huwezi nini?"

"Nimepona. Fundi kanitengeneza."

"We! Umenitia aibu kwenye msiba wa watu. Umejibonyeza mvua nzima, usiku na mchana, na mimi nakata mpaka nachoka. Leo ndio umepona?"

"Leo ndio nimepona. Nikiguswa, nafanya. Nisipoguswa, natulia. Simu ndivyo inavyotakiwa iwe."

"Hata mara moja tu?"

"Mama Kalunde, mimi ni mzima."

Hapo niliogopa. Mambo mengine yote nilikuwa nayaona tu yakipita, lile la fundi, lile la mabenchi, lakini hapo niliogopa hasa. Nikainua mikono, ikawa viganja vitupu. Nikajaribu kiwiko, kioo hakikusikia, kiwiko kilikuwa na mkono wa gauni. Nikajaribu kwa kiganja, ikafungua kikokotoo.

"Majina," nikasema. "Nionyeshe majina."

Simu ikasimama wima, ndefu kama mlango, na majina yote yakajipanga kutoka juu hadi chini. Namtafuta Dada Nyamizi pale juu, haonekani. Ndipo nikakumbuka. Baada ya sendofu nilifuta lile neno "Dada", nikabakiza Nyamizi peke yake. Kwa hiyo jina lilikuwa limeshuka, limepita fundi bomba, limepita mama wa upatu, limepita mchungaji na muuza mkaa, liko huko chini karibu na sakafu.

"Mama, nafunga," anasema daktari.

Watu wa kwetu wananijua. Mimi siyo mtu wa kuinamia watu. Nilikuwa sijapiga goti mbele ya Nyamizi tangu tukiwa wadogo, alipokuwa ananisuka nywele. Misikoli wa pande zote mbili wakasimama kutoka kwenye mabenchi ili waone vizuri.

Nikapiga magoti. Hayakutosha, jina lilikuwa chini zaidi. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, dawa ya deki ikaniingia machoni, nikalibonyeza jina la dada yangu kwa pua.

Kioo kilikuwa cha baridi. Kikaita.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Simu ilikuwa juu ya mto mbele ya uso wangu, ndogo kama siku zote. Mikono yangu yote miwili nilikuwa nimeilalia, imekufa ganzi, vidole navihisi kwa mbali. Na katikati ya kioo kulikuwa na alama ya mafuta, yale ya mgando ninayopaka usoni nikienda kulala. Alama ndogo ya duara. Nikasogeza pua kupima. Ikakaa palepale.

Chini ya alama hiyo kulikuwa na jina la Nyamizi, na sekunde zilikuwa zinahesabika.

"Haloo?" sauti ikasema. "Kalunde? Simu imejibonyeza tena?"

Ilikuwa sauti yake, ile ya asubuhi, yenye kukwaruza kidogo. Meseji nilikuwa nayo tayari kichwani, nimeiandika mara nyingi mno.

"Hapana, dada," nikasema. "Nimepiga."

Nikasikia kitanda chake kikilia, anainuka kukaa.

"Umepiga wewe?"

"Nimepiga mimi."

"Ahaa," akasema. "Ahaa! Kumbe vidole unavyo!"

Na akaanza. Alianza na sendofu, kwamba kiti changu kilikuwa wazi pale meza ya mbele mpaka wageni wakakiwekea mikoba, na mtoto anauliza mama mdogo yuko wapi, na yeye anajibu nini mbele za watu. Akaja kwenye ile kadi, kwamba ni kamati ndiyo iliyoituma kwenye grupu kabla yeye hajapiga simu kwa mtu yeyote, na ningeuliza ningejua, lakini mimi kuuliza nitaweza wapi na kiburi hiki cha marehemu bibi. Akaja kwenye Idi. Akanigombeza kwa Kiswahili, Kiswahili kilipomwishia akaingia Kinyamwezi. Katikati ya matusi mengine akaanza kucheka kabla hajafika penye kuchekesha, halafu akakumbuka amekasirika, akaendelea.

Sikumkatiza. Nililia, lakini nililia kimyakimya nisije nikafunika neno.

Nikamsikia nesi anamwambia, "Mama, tunakwenda. Tupe simu."

"Subiri kwanza," Nyamizi akasema. "Huyu bado sijammaliza."

Wakaichukua.

Sasa jua limeshapanda. Mihayo yuko huko nje ya chumba cha upasuaji, kasema atanipigia dada akitolewa. Simu nimeiweka mapajani, na tangu asubuhi haijajibonyeza hata mara moja. Kioo sijakifuta. Dada kasema hajamaliza, nami nimekaa hapa namsubiri aje amalizie.