Upande wa Pili wa Pazia

Watu walipoamka, farasi walikuwa tayari baharini. Hivyo ndivyo siku ya mbio za Mei inavyoanza katika mji ule: ukungu umelala juu ya maji, na ndani yake vichwa vya farasi vinapita taratibu, shingo tu, kana kwamba miguu wameiacha nyumbani. Nola Trewin alikuwa amesimama kwenye uzio wa nyumba yake, koti juu ya nguo ya kulalia na peremende mfukoni, akimsubiri Galah.

Galah alipewa jina la kasuku wa kijivu wa nchi ile, wale wapiga kelele wasio na akili, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa farasi mrefu, wa kijivu, aliyekwisha kuzeeka kwa kazi ya kuruka viunzi, na kila alipotoka baharini alisimama kwenye uzio ule na kugoma, mpandaji wake asukume mpaka achoke. Hatoki bila peremende. Aliyemdekeza hivyo ni Tamsin, mjukuu wa Nola, enzi alipokuwa akivaa sare za shule. Sasa peremende aliitoa Nola peke yake. Tamsin alikuwa hajakanyaga pale mwaka mzima, na mji wote ulijua kwa nini, maana jambo lenyewe lilipita redioni.

Nola, jamani, alikuwa na maoni. Kila Jumamosi asubuhi, kipindi cha mbio kikianza, mtangazaji hakuwa na haja ya kuuliza nani yuko kwenye simu. Fimbo ya mpandaji alikuwa na lake la kusema, majaji alikuwa na lao, na waandishi wa habari, ooh, hao ndio aliwapa vidonge vyao. Magazeti, alisema, yanakumbuka kuwa kuna mbio za farasi siku mbili tu kwa mwaka: siku ya kofia za wanawake na siku ambayo farasi amekufa. Katikati hapo farasi wanakula, wanalala, wanaogelea, na hakuna hata mmoja mwenye kalamu anayepita kuwasalimu.

Jambo moja tu aliwasifu watu wa uwanja na wa kamera. Farasi akianguka asiinuke, wanaume hukimbia na pazia la kijani, wakamkinga nalo, na kamera za televisheni hugeuka zikatazama mawingu. Nola aliona huo ndio ubinadamu. Hata mtu akifa barabarani hufunikwa shuka, alisema. Tamsin hakukubali katu. Pazia si la farasi, bibi, alimwambia; farasi hajali nani anamtazama. Pazia ni la waliokaa jukwaani, ili warudi kwenye pai zao.

Wangebishana hivyo mpaka uzee, na chai ikanyweka, lakini Mei iliyopita Tamsin alionekana kwenye televisheni nje ya uzio wa uwanja, ameshika bango pamoja na wapinzani wa mbio za viunzi. Jumamosi yake Nola akapiga simu redioni, roho inamchemka. Wale pale nje, alisema, hawamjui farasi. Mtangazaji akanusa harufu ya habari. Hata mjukuu wako? Nola akajibu, "Hasa yeye." Gazeti likayaandika maneno hayo mawili kwa herufi kubwa, na toka siku hiyo kwenye uzio wa nyumba akasimama mtu mmoja tu. Alimkumbuka yule mtoto mpaka kifua kilimuuma. Lakini kumeza maneno yake, hilo Nola hakuwahi kufundishwa.

Basi mchana alikuwa jukwaani, mahali pake pa siku zote, na kijiredio sikioni. Ukungu haukuondoka, ulipanda tu mlimani, pale njia ya mbio inapopita, ukakaa huko. Upande wa mbali wa uwanja, nyuma ya kiunzi cha mwisho, aliona mstari wa watu na mabango nje ya uzio, wadogo kama sindano. Alimtafuta Tamsin kwa macho na akajiambia hamtafuti.

Mbio zikaanza, na kwa muda ilikuwa kama ndoto yake ya siku zote. Farasi waliingia kwenye ukungu, wakapotea, kwato zikasikika bila farasi, halafu wakatoka wote pamoja wakielea juu ya kiunzi, na Galah mbele, kijivu ndani ya kijivu, masikio yamesimama. Nola alisahau miguu yake inauma. Alimwona akikijia kiunzi cha mwisho, akaona anaruka, na hakuona akitua.

Mpandaji aliinuka. Galah hakuinuka. Wanaume wakakimbia na pazia.

Jukwaani watu wakavua kofia, kama ilivyo desturi, na kila mmoja akaangalia viatu vyake. Kwenye skrini kubwa yakaja mawingu. Redioni mtangazaji alianza kueleza hali ya hewa ya kesho, kwa sauti laini kabisa, na hapo Nola, aliyemsifu kwa sauti hiyo hiyo miaka yote, alitamani kumkaba koo. Hali ya hewa! Galah yuko nyuma ya kile kitambaa, na mtu mzima anaongea habari za mvua.

Ndipo alipoona jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa pale hakuwahi kuliona. Pazia lilitazama jukwaa. Nyuma, upande wa uzio, palikuwa wazi. Wale wa mabango walikuwa wanaona kila kitu.

Akatafuta namba ya mjukuu wake. Tamsin alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Bibi."

"Unamwona?"

Kwa mbali, ndani ya simu, bahari ilikuwa inavuma.

"Namwona. Anainuka, bibi. Ameumia kidogo tu, wanamfunga mguu. Keti, unisikie? Atakuwa sawa."

Nola alifumba macho. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwambia, zamani, kuwa bakuli la maua limejivunja lenyewe. Na alijua kwamba farasi anayeinuka hahitaji pazia, watu hulikunja palepale. Mtoto ambaye mwaka mzima alisimama kwenye baridi akidai watu waonyeshwe kila kitu, sasa alikuwa anamfunika macho bibi yake kwa mikono yake miwili. Moyo wa Nola ulimpasuka kwa huruma.

"Liondoe pazia, mama," alisema polepole. "Mimi si mtu wa kufichwa. Niambie."

Tamsin alilia kwanza. Halafu akamwambia. Mguu wa mbele, hautatengenezeka. Daktari wa wanyama amefika. Msichana anayemtunza amelala chini kwenye matope, amekumbatia kichwa chake, anamnong'oneza. Masikio bado yanacheza. Hapigani. Sasa daktari amepiga goti. Nola alisikiliza kila neno, na alimwona Galah vizuri kuliko alivyopata kumwona kwa darubini.

"Basi," Tamsin akasema. "Amekwenda. Nilimtazama mpaka mwisho, bibi. Sikugeuka."

"Asante, mama."

Alikuwa anashuka ngazi, simu bado sikioni, kijana wa televisheni alipomzuia njia. Koti lake zuri, kipaza sauti kimetangulia, taa nyekundu ya kamera inawaka nyuma yake. Kila mtu alimjua Nola. Kijana alimpa pole, kisha akauliza alichokuja kuuliza: wale pale nje wameshaanza kupiga kelele, wanasema wao ndio wa kumsemea farasi huyu. Je, wana haki?

Nola alimtazama. Mawingu bado yalikuwa kwenye skrini kubwa.

"Wana haki," alisema.

Kijana hakutegemea hilo. Alisogea karibu, macho yakimng'aa.

"Hata mjukuu wako?"

"Hasa yeye."

Akampita. Ndani ya simu hakukuwa na kitu ila bahari, na mtu anayevuta pumzi kwa shida.

"Njoo kwa lango la nyuma, bibi," Tamsin alisema mwishowe. "Kuna matope, tembea polepole. Nakuja kukupokea."

Nola aliingiza mkono mfukoni, akaikuta peremende ya jioni, ile aliyomwekea Galah, na akaenda nayo.