Mlima wa Umma na Maharage ya Mama Glorious

Mheshimiwa Tarsisi alikuwa na malori manne, mashine ya kukoboa kahawa, nyumba ya ghorofa pale Mbinga mjini, na mlima mmoja ambao haukumwingizia hata senti. Malori aliwaachia madereva. Mashine alimwachia meneja. Mlima aliusimamia mwenyewe, kama mama mwenye mtoto mmoja anayekohoa.

Mlima huo uliitwa Liyombo, ng'ambo ya Litembo, pale nchi inapoanza kuporomoka kuelekea ziwani. Milima yote ya jirani ilikuwa imeshalimwa kuanzia miguuni hadi utosini. Liyombo peke yake ulibaki na miti yake, nyani wake na kijito kisichokauka. Tarsisi aliupata kipande kwa kipande, ukoo kwa ukoo, kwa ng'ombe na kwa maneno matamu, na katika kila mkutano wa hadhara alipaza sauti: "Mlima huu ni wa umma!" Umma ulipiga makofi. Kesho yake umma ulipokwenda kuokota kuni, ulifukuzwa na Nazari, mlinzi wake.

Tarsisi hakuona kosa lolote hapo. Aliona ni busara kuwatunzia watu kitu kwa kuwazuia wasikiguse. Mwaka 1995, alipogombea tena ubunge, watu walimjibu kwenye sanduku la kura. Alishindwa vibaya, na tangu hapo yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba laiti nyani wangeandikishwa, angepita bila kupingwa.

Akiulizwa mapenzi yake kwa mlima huo yalianzaje, alisimulia habari ndefu ya marehemu mama yake na chemchemi zilizokauka. Ilikuwa habari nzuri, ila haikuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba asubuhi moja ya mwaka 1976, akiwa mbunge mpya, alikuta watu kumi na mmoja mlangoni. Huyu anataka mabati, yule nafasi ya shule, mwingine kazi ya mpwa wake. Akatokea mlango wa nyuma, akapanda Liyombo, akakaa juu kwenye uwanda wa nyasi hadi jua likaelekea kuzama. Alisikia maji. Aliliona ziwa lote mpaka upande wa Mbamba Bay. Hakuna aliyemwomba kitu. Aliposhuka alikuwa ameshaamua kwamba mlima ule asiupande mtu. Neno "umma" aliliongeza baadaye, kwa ajili ya jukwaa.

Lakini pendo linaweza kuzaliwa vibaya na bado likakua. Soko huria lilipofunguliwa na wenye misumeno ya moto wakaanza kupita vijijini kuulizia magogo, Tarsisi aliwafukuza. Alimfukuza na tajiri wa Dar es Salaam aliyetaka kujenga hoteli. Hata mke wake Hildegardi, mama Glorious, alipoomba sehemu ndogo tu ya kupanda maharage, alimnyima, na mama akanuna mwaka mzima. Sasa ilikuwa Machi 1998, Tarsisi ana miaka sitini na sita, na aliwajua wanawe. Siku akizikwa, msumeno ungeanza kulia kabla matanga hayajaanuliwa. Alitaka mlima uandikwe kuwa hifadhi ya serikali akiwa bado anapumua.

Bwana Misitu, kijana mkavu aitwaye Nicholaus, alikubali kuja kuukagua. "Ila mzee," alimwambia, "nikikuta shamba humo, hata la ukubwa wa kitenge, faili linarudi. Na likirudi, sijui kama wewe na mimi tutaliona tena."

"Shamba? Liyombo?" Tarsisi alicheka hadi akakohoa.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi alipanda na Nazari na vibarua wawili kufyeka nyasi pale uwandani, ili siku hiyo wageni wapate mahali pa kuweka viti. Alipowaona wenzake wameshika nyengo za kufyekea, akaingiwa na kile kiburi cha wazee wanaotaka ijulikane kwamba hawakuzaliwa ofisini. Akavua koti. Akafyeka hadi mchana, mgongo ukilalamika na roho ikifurahi. Kisha wakaanza kukusanya nyasi, na hapo mikono yake ikafanya ilichofundishwa na baba yake kabla hajajua kusoma. Ikazilaza nyasi mistari mistari, kisha mistari ya kukatiza, miraba kama daftari la hesabu. Vibarua walimwona, wakamfuata. Nazari naye alimwona, akanyamaza. Baadaye alijitetea kwamba alidhani mzee ana mpango.

Jioni uwanda wote ulikuwa umepigwa miraba. Tarsisi akautazama, akasema, "Panapendeza," akashuka, akaenda Songea kufuatilia saini za faili.

Kwa Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, nyasi zilizolazwa hivyo hazihitaji barua. Ni kazi ya wanaume iliyokwisha, na inawaambia wanawake: zamu yenu. Wanawake humwaga maharage juu ya nyasi, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, mpaka mlima unakuwa kama sega la nyuki. Ndiyo ngolo. Mwanamke anayeziacha nyasi hizo zioze na mvua hasemwi vizuri kijijini.

Siku ya ukaguzi Landrova ilikomea bondeni, wakapanda kwa miguu. Walipokaribia juu wakasikia kuimba.

"Umeandaa na kwaya, mzee?" aliuliza Bwana Misitu.

"Labda," alijibu Tarsisi, ambaye hakuandaa kwaya yoyote.

Walipotokeza uwandani waliwakuta wanawake kama arobaini wameinama, majembe yanapanda na kushuka. Theluthi mbili ya miraba ilikuwa tayari mashimo. Mbele yao wote alikuwa Hildegardi, kitenge kimefungwa kiunoni kwa fundo la vita.

"Shikamoo Mheshimiwa!" walimpokea kwa pamoja. Mmoja wao, Rosina, akaongeza kwa vigelegele: "Asante baba! Tulishasema huyu mzee atazikwa na mlima wake, kumbe ana moyo!"

"Nani kawaambia mlime hapa?"

"Si wewe?"

"Mimi?"

Hildegardi akanyoosha mgongo. "Baba Glorious, nyasi hizi zilijilaza zenyewe?"

Tarsisi akamtazama Nazari. Nazari akawatazama nyani.

"Nilikuwa nasafisha mahali pa viti," alisema Tarsisi.

Kicheko kikalipuka, na Rosina ikabidi akae ndani ya shimo. "Mahali pa viti! Jamani! Mmatengo anapiga miraba ili akae!"

Bwana Misitu hakucheka. Alifungua faili juu ya goti. "Mzee, nina njia mbili. Niandike kwamba hawa ni wavamizi, wiki ijayo waje askari wayafukue maharage haya, mlima upite. Au niandike kwamba shamba lina ruhusa ya mwenyewe, na faili lirudi."

Wavamizi. Lilikuwa neno moja tu, na Tarsisi alilizoea. Alishalitumia bungeni mara nyingi, tena kwa ufasaha. Miaka ishirini na miwili ingeokolewa kwa pumzi moja. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Sema basi," alisema Hildegardi. "Kila siku mlima wa umma, mlima wa umma. Leo umma umekuja na majembe, unapigwa na butwaa?"

Mdomo ukafungika. Alipoufungua tena, sauti ilikuwa ndogo. "Andika ni mimi. Nyasi nililaza mimi."

"Basi faili linarudi."

"Ngoja, mwanangu. Hakuna njia ya tatu?"

Bwana Misitu akajikuna shingo. "Kuna kukata. Uwanda huu utoke kwenye ramani, uwe shamba la mtu, na mpaka upite pale kwenye miti. Kilichobaki kinaweza kupita."

Uwanda huu! Ndipo alipokaa ile siku ya kwanza, na ndipo mahali pekee ambapo ziwa lilionekana lote. Kilichobaki kilikuwa miti, mawe na nyani. Ili mlima upone, ilibidi autoe mkeka wake mwenyewe. Tarsisi alijiona alivyo, mzee mwenye malori manne aliyejipokonya kwa mikono yake miwili, akacheka kwa sauti kuliko Rosina.

"Kata," alisema. "Shamba andika la mama Glorious."

"Basi mama, wewe ndiye jirani wa mpaka. Lazima usaini masharti ya hifadhi."

Hildegardi akapangusa mikono, akaichukua karatasi, akaisoma yote, pole pole, kama mwalimu anayesahihisha. Kidole kikasimama. "Sharti la nne. 'Ni marufuku mtu yeyote kuingia bila kibali cha maandishi.' Nani kaandika hili?"

Macho yote yakamgeukia Tarsisi.

"Kibali kinaombwa wapi?"

"Songea," alisema Bwana Misitu.

"Rosina atoke hapa aende Songea kuomba uyoga? Sisaini."

"Wataingia na moto," alisema Tarsisi. "Wataingia na mapanga. Utakwisha mlima huu, mama Glorious, nakuambia!"

"Kuni kavu, uyoga na maji. Panga na moto vibaki nyumbani. Atakayekata mti mbichi tutamleta sisi wenyewe, tena tumeshamsema vya kutosha."

"Mkinidanganya?"

"Wewe ulitudanganya miaka mingapi?"

Wanawake waliegemea majembe, wakimsubiri. Tarsisi alijaribu kukumbuka mtu mmoja, ukiacha Nazari, ambaye aliwahi kukutana naye juu ya mlima huu wa umma. Hakumpata. Akaomba kalamu, akalikata sharti la nne kwa mstari.

"Tia na herufi za jina lako hapo pembeni," alisema mke wake, "usije ukasema hukuona."

Akatia. Ndipo Hildegardi akasaini, kwa herufi kubwa zisizo na haraka, akajaza mstari wake na ule wa mumewe. Tarsisi akatafuta nafasi, akabana jina lake chini kabisa, ukingoni mwa karatasi.

"Mheshimiwa," aliita Rosina, "sogea kidogo. Umekanyaga maharage."